Droni ya arusi ao droni ya vita: nani atatofautisha, Butembo na Beni?

Kijana mwenye droni ndogo leo, Butembo ao Beni, anaweza kuitwa ku arusi, ku klipu ya muziki, ao na mwenye shamba la kahawa anayetaka kuona mipaka yake toka juu. Kifaa chenyewe kinaingia ndani ya begi ya mgongoni. Lakini kikisha kupanda, watu wa chini hawaone arusi wala kahawa. Wanasikia mvumo tu, na katika jimbo hili mvumo wa namna ile una historia yake. Njo maana swali la kuandikisha droni za raia, ambalo fasi zingine ni jambo la ofisi na timbre, hapa kwetu linagusa usalama wa mtu anayeshika rimoti.

Sheria haikose. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao Kongo ni memba wake, unasema katika kifungu cha 8 kwamba ndege isiyo na rubani haiwezi kuruka juu ya inchi bila ruhusa ya inchi ile. Ndani ya Kongo, usafiri wa anga unaongozwa na sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, na mamlaka inayosimamia ni Autorité de l'Aviation Civile, AAC, yenye makao makuu Kinshasa. Kwa ndege ndogo za kujifurahisha, shirika la kimataifa la usafiri wa anga lenyewe liliziweka pembeni ya mkataba ule na kuachia kila serikali ijipangie. Kwa hiyo kijana anayebandika mota ya redio ya zamani ku mbao nyepesi ili iruke, kama vile wengine wanavyochonga chukudu, hawezi kutafuta jibu Chicago. Jibu lake iko kwa serikali yake.

Serikali zingine zimehangaika sana na jambo hili. Marekani ilianza kuandikisha droni za kujifurahisha tarehe 21 Desemba 2015: kila kifaa kinachopita gramu 250 kilipaswa kuwa na namba, na mwenyewe analipa dola 5. Mwezi wa Mei 2017 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema mamlaka ya anga haina haki ya kuwadai watu wa kujifurahisha, kwani sheria ya 2012 ilikuwa imekataza kuwatungia kanuni mpya. Miezi saba nyuma yake, Bunge la kule likarudisha uandikishaji. Kenya nayo ilitunga kanuni 2017, Bunge likazikataa, na kanuni zingine zikatoka 2020. Uganda pia ina kanuni zake za 2020, na hilo linawahusu moja kwa moja wafanyabiashara wa Butembo, maana mali yao mingi inapita Mombasa na Kampala mbele ya kufika Kasindi.

Lakini Marekani, Kenya na Uganda zilikuwa zinafikiria ajali: droni kugonga ndege ya abiria, kuanguka juu ya watu, kuchungulia ndani ya lupango ya jirani. Beni na Butembo zina woga mwingine.

Kivu ya Kaskazini ilijua droni mbele ya inchi mingi. Desemba 2013, pale Goma, MONUSCO ilirusha Falco, droni zisizo na silaha, na ilikuwa mara ya kwanza Umoja wa Mataifa kutumia chombo cha namna ile katika kazi ya kulinda amani. Wakati ule wakaaji waliziangalia kama macho ya kulinda. Miaka kumi nyuma yake maana imegeuka. FARDC wamepata droni za CH-4 zilizotengenezwa China, zenye kubeba silaha. Tarehe 17 Februari 2024 mashambulizi yalipiga kiwanja cha ndege cha Goma, na jeshi la Kongo likasema ni droni iliyotoka Rwanda. Kisha Goma ikaanguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, na kazi za jimbo zikahamia Beni. Upande wa kusini, vita vilikuwa vimekwisha kupanda mpaka ndani ya teritware ya Lubero, njia ya Butembo. Upande wa kaskazini na mashariki, ADF wanaendelea kuua ndani ya vijiji, na jeshi la Uganda liko kule pamoja na FARDC tangu Novemba 2021. Mtu akiinua droni katikati ya hayo yote, hata kama ni ya kupiga picha ya bibi arusi, anapita juu ya kambi, juu ya vizuizi, pengine juu ya njia ya ndege ya Mavivi ao ya Rughenda. Picha yake inaweza kuonyesha askari wako wapi na ni wangapi. Huo si woga wa bule.

Tena, tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo liko chini ya état de siège. Uongozi wa raia ulipewa wanajeshi na wapolisi, na amri za siku zile ziliwapa uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku. Mwenye droni anayesimamishwa hakutani na afisa wa AAC mwenye kitabu cha kanuni. Anakutana na askari, ao mpolisi, ao Mzalendo ku kizuizi, na kila mmoja ana njia yake ya kuelewa neno « ruhusa ». Hapo karatasi ya Kinshasa, hata kama ni ya kweli, inaweza kuonekana kama karatasi tu.

Kasoro ya uandikishaji iko pale. Namba iliyoandikwa juu ya kifaa haisomeki wakati kiko meta mia hewani. Marekani wamejaribu kurekebisha hilo: droni inatakiwa kutangaza namba yake kwa mawimbi ya redio wakati inaruka. Lakini ili usikie namba ile lazima uwe na kifaa cha kuipokea, na askari wa zamu ku barabara ya Oicha hana. Kwake droni yenye namba na isiyo na namba ni sauti moja.

Kwa hiyo, kama uandikishaji utaleta faida huku kwetu, lazima uende pamoja na kitu chepesi zaidi: kutangulia kusema. Jina la mwenye droni, siku, saa, kartie, viwe vimefika kwa meya na kwa komanda wa fasi ile mbele ya arusi, na wakaaji wasikie, kupitia chefu wa kartie ao redio, kwamba mvumo wa saa nane siku ya Posho ni wa kanisa fulani. Hilo halidai satelaiti. Linadai ofisi moja inayojulikana ndani ya mji, si safari ya ndege mpaka Kinshasa kwa mtu anayelipwa kidogo kwa arusi moja. Na kuandikisha kungeweza kuanzia Kasindi, pale duane inapofungua mizigo, badala ya kungojea kijana akamatwe ku kizuizi.

Kuna hatari moja ambayo haizungumzwi sana. Daftari la wenye droni, lenye majina na anwani, linabaki ofisini siku mji unapobadilisha mikono. Aliyejiandikisha kwa serikali moja anaweza kuitwa mpelelezi na wale wanaoingia. Nyuma ya yale ya Goma, hakuna anayeweza kumwambia fundi wa picha wa Butembo kwamba anawaza mambo yasiyowezekana. Daftari la namna ile linapaswa kuwa fupi, lisiandike zaidi ya linalohitajika, na ijulikane mapema nani atalibeba ao kuliharibu kama mambo yanaharibika.

Bado kuna bei. Kama AAC inadai yake, polisi yake, kartie yake, na kizuizi chake, wengi watarusha kwa kujificha, na wale watakaojitokeza kuandikwa watakuwa ni wale ambao hakuna mtu alikuwa anawaogopa toka mwanzo.