Peugeot Haikushindwa na Barabara

Ye yote aliyekulia Nyanza-Lac kabla ya mwaka 2000 analikumbuka gari la Peugeot 504, lile la mizigo lenye turubai nyuma. Alfajiri lilipakiwa ndagala na mikeke kando ya ziwa, likashika njia ya Rumonge kwenda Bujumbura. Jioni lilirudi na sabuni, chumvi na abiria waliobanana. Leo ni nadra kuliona. Barabara hiyo imekuwa ya Toyota.

Wengi husema kwamba Mfaransa alishindwa na Mjapani. Mimi, niliyelipenda gari hilo tangu utoto, sikubaliani nao. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Kisha 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Hayo yalikuwa mashindano ya tope, mawe na vumbi. Gari lililoyaweza hayo halikuwa na sababu ya kuziogopa njia zetu. Zaidi ya hayo, 504 ilitolewa mwaka 1968, mwaka ule ule Toyota ilipoitoa Hilux. Yote mawili yalianza safari pamoja.

Kilichotokea ni kwamba kampuni iliugeuza uso wake kuelekea barabara laini za Ulaya. Mwaka 1983 iliacha kuunda 504 ya abiria nchini Ufaransa, na mwaka 1993 ikaliacha lile la mizigo. Peugeot 405, iliyotolewa mwaka 1987, lilikuwa gari zuri, lakini halikuundwa kwa ajili ya kubeba samaki juu ya mashimo. Wanunuzi walikuwapo bado, kwa maana Kenya na Nigeria ziliendelea kuunganisha 504 hata baada ya mwaka 2000. Wakati huo Toyota iliirekebisha Hilux kizazi baada ya kizazi bila kuiondoa katika kazi yake, na vipuri vyake vikaenea hadi masoko madogo.

Mjomba wangu alikuwa na 504 moja. Haikuanguka, wala injini yake haikuchoka. Ilikosa pampu ya maji. Ikawekwa juu ya mawe, na kuku wakataga chini ya kiti cha dereva.

Nanyi askari wa usalama barabarani mwajua jambo jingine. Magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani yana usukani kulia, ilhali sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva wa namna hiyo akitaka kulipita lori, hulazimika kujitokeza kabla ya kuona kinachokuja. Hiyo ni kasoro kubwa, na watu wanaijua. Hata hivyo huyanunua, kwa sababu likiharibika leo, kesho litatengenezwa.

Katika shule ya maofisa, mkufunzi wetu alikuwa akikagua magari kabla ya jua kuchomoza. Hakuuliza gari lilifanya nini mwaka jana. Alisema neno moja tu: "Liwashe." Siku hizo nilimwona mkali kupita kiasi. Sasa namwelewa.

Mwananchi wa pwani hii hakuichukia Peugeot kamwe. Alisimama kando ya njia akaingoja, na ilipokawia akapanda gari jingine. Heshima ya sare zetu nayo yaweza kwenda kwa njia hiyo hiyo. Waliotutangulia waliipata kwa jasho, lakini hawakutuachia akiba ya kutumia bila kuongeza. Mvuvi aliyeibiwa nyavu usiku akija kituoni akakuta mlango umefungwa, hatapiga kelele. Atarudi nyumbani kwake kimya, na siku nyingine hatakuja. Basi tusijivunie ukimya huo tukadhani ni amani. Tuuchunguze kwanza, kila mmoja mahali pake pa kazi.