Kufuatana Siyo Kusababisha: Funzo Kutoka Msuli wa Utumbo

Mara nyingi sisi wakufunzi wa baiolojia hufundisha kwa minyororo: jambo la kwanza huleta la pili, la pili huleta la tatu, na mwanachuo hukariri mnyororo mzima hadi siku ya mtihani. Mimi nami nimefundisha hivyo. Kwa miaka kadhaa niliandika ubaoni kwamba asetilikolini huitoa potasiamu katika seli za misuli laini ya utumbo, na kwamba kutoka huko ndiko kunakoufanya msuli ujikaze. Maelezo hayo yalikuwa mepesi kukumbukwa. Lakini hayakuwa kweli.

Kosa halikuwa katika mambo yaliyoonekana. Mwaka 1956 Born na Bülbring, kwa kutumia potasiamu yenye mnururisho, walionyesha kwamba vichocheo vinavyoukaza msuli wa utumbo huzidisha pia potasiamu itokayo. Kosa lilikuwa katika neno “kwa hiyo”. Mwaka 1968 Burgen na Spero walilinganisha matokeo hayo mawili, wakaona kwamba kiasi kidogo cha asetilikolini hutosha kuukaza msuli, ilhali kuitoa potasiamu huhitaji kiasi kikubwa zaidi. Iwapo msuli hujikaza kabla potasiamu haijaanza kutoka kwa wingi, basi kutoka huko hakuwezi kuwa sababu.

Kinachoukaza msuli ni kalsiamu. Kichocheo hupunguza chaji ya umeme katika utando wa seli. Milango ya kalsiamu hufunguka, na nyingine hutoka katika ghala zilizo ndani ya seli. Potasiamu itokayo huirudisha chaji mahali pake. Kazi yake yafanana na breki kuliko injini.

Napendekeza, basi, tusianze somo hili kwa kuandikisha maelezo. Tuwape wanachuo habari moja baada ya nyingine, na kila mara tuwaulize kama mnyororo wao bado unasimama. Kwanza: kichocheo kikitiwa, potasiamu hutoka na msuli hujikaza. Pili: potasiamu ikiongezwa katika maji yanayouzunguka msuli, ambako kwa hiyo itatoka kwa shida, msuli hujikaza pia. Tatu: kalsiamu ikiondolewa katika maji hayo, potasiamu iliyoongezwa haiukazi tena. Habari ya pili huwatia mashaka. Ya tatu huwaonyesha njia. Hakuna chombo kinachohitajika ila ubao, chaki na subira ya mwalimu.

Wapo watakaosema kwamba muhtasari ni mrefu na vipindi ni vichache. Ni kweli. Lakini tutazame matunda ya njia ya mkato. Mtoto anayeharisha sana hupoteza potasiamu nyingi. Aliyekariri mnyororo wangu wa zamani atadhani kwamba upotevu huo huukaza utumbo. Mambo huwa kinyume: utumbo waweza kulegea na tumbo likajaa hewa. Ndiyo maana maji ya chumvi na sukari ya kutibia uharo, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, hutiwa gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu kwa kila lita.

Wahenga walisema, jogoo awike asiwike, kutakucha. Walijua kwamba sauti inayotangulia mapambazuko siyo inayoyaleta. Mwalimu tunayemtuma shuleni bila kujua tofauti hiyo atawarithisha wanafunzi wake kosa letu, tena kwa mwandiko mzuri.