Afya ya Mwalimu Haimo Katika Kidonge Pekee

Mwalimu hufika kliniki akilalamikia kuumwa kichwa, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio. Tunampima shinikizo la damu, tunamwandikia dawa, kisha tunamwagiza apumzike. Apumzike saa ngapi, ilhali madaftari zaidi ya 100 yanamngoja nyumbani?

Tangu Tanzania ianze kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto wengi wamepata haki yao. Hata hivyo, kiwango cha mwalimu 1 kwa wanafunzi 45 katika shule za msingi kimebaki ndoto mahali pengi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua kwamba uchovu uliokithiri wa kazini si ugonjwa, bali ni hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Msongo si chanzo pekee cha shinikizo la damu, lakini huvuruga usingizi, ulaji na hata utumiaji wa dawa.

Mwajiri mkuu wa walimu ni Serikali. Kwa hiyo, kuajiri walimu wa kutosha si suala la elimu tu. Ni kinga ya maradhi.

Wahudumu wenzangu, tuulize idadi ya wanafunzi na kuiandika katika jalada la mgonjwa. Nawe mwalimu, usiache dawa, wala usione aibu kuutaja mzigo wako. Mzigo usiotajwa hautuliwi.