Mpaka Ukifungwa na Dawa Ikikatika: Mama wa Rusizi na Kukoma kwa Hedhi

Wilaya ya Rusizi, ambayo wazee wengi bado huiita Cyangugu, imekaa katika pembe ambako Rwanda hukutana na Kongo na Burundi. Kamembe hutazamana na Bukavu, na kati ya pande hizo mbili pana mto na daraja. Kusini, katika bonde la Bugarama, njia ya Ruhwa huelekea Bujumbura. Kwa hiyo maisha ya mwananchi wa huko, soko lake, ndoa zake na hata matibabu yake, yamezoea kuvuka mpaka. Na katika miaka hii ya karibuni mpaka huo umeonyesha mara kadhaa kwamba haukuahidi kubaki wazi. Machi 2020 ulifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na mwezi wa Juni mwaka huohuo Rusizi iliwekewa amri ya peke yake ya kukaa majumbani, wakati sehemu nyingi za nchi zilikuwa zimekwisha kulegezewa. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, na mabenki ya mji huo yakafunga milango.

Inapotokea hali kama hiyo, linalosemwa kwanza ni hasara ya wafanyabiashara. Ni haki lisemwe. Lakini liko jambo jingine ambalo halisemwi hadharani, kwa kuwa linawahusu akina mama wa umri mkubwa na linahusu mwili: dawa ya kutumia kila siku inayokatika ghafla. Hapa tunataka kuitazama moja ya dawa hizo, nayo ni tiba ya homoni wanayopewa baadhi ya wanawake wanaokoma hedhi.

Wanyarwanda wana neno lao la hali hiyo, gucura, na neno hilo hutajwa kwa sauti ya chini. Kwa kawaida mwanamke hufikia hali hiyo akiwa na umri wa karibu miaka 50. Mayai yake hupungua, na homoni iitwayo estrojeni hupungua pamoja nayo, polepole, kwa muda wa miaka. Ipo sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili, na sehemu hiyo imezoea kufanya kazi estrojeni ikiwapo. Ikiikosa, huwa nyepesi kushtuka: badiliko dogo la joto huliona kubwa, ikafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho. Hapo ndipo mama huona moto umempanda kifuani hadi usoni, moyo unamdunda, kisha baada ya dakika chache anatetemeka kwa baridi. Usiku huamka shuka zimelowa. Usingizi ukishavurugika, hasira na usahaulifu havikawii. Bugarama ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali kabisa nchini Rwanda, na mama anayeinama katika majaruba ya mpunga mchana hana haja ya kuongezewa moto mwingine na mwili wake mwenyewe.

Sasa tuchukue mfano, ambao ni mfano tu. Mama wa miaka 52 anakaa Kamembe. Daktari wa ng'ambo ya daraja alimwandikia vidonge vya homoni, akapata nafuu kwa miaka miwili. Mara dawa inakosekana. Kile ambacho maumbile yangekifanya kwa miaka, kwake kinafanyika kwa siku au majuma machache. Joto linarudi, wakati mwingine kwa nguvu kuliko hapo awali, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba laweza kurudi, mama huyu anadhani ni malaria, au shinikizo la damu, au mkono wa jirani.

Jambo hili limekwisha kupimwa. Mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa Marekani juu ya afya ya wanawake, uliohusisha zaidi ya wanawake 16,000 katika sehemu ya estrojeni iliyochanganywa na homoni ya pili, ulisimamishwa kabla ya wakati. Ilionekana kwamba katika kila wanawake 10,000 waliotumia dawa kwa mwaka mmoja, wanane zaidi walipata saratani ya matiti na wanane zaidi walipata kiharusi. Habari hiyo ilienea ulimwenguni kwa siku chache, na wanawake kwa mamilioni wakatupa vidonge vyao. Watafiti waliwafuatilia waliokuwa katika uchunguzi huo, na matokeo yakatolewa mwaka 2005: katika waliokuwa wakimeza homoni, kadiri ya mmoja katika kila watano alisumbuliwa na joto na jasho kwa kiasi cha wastani au kikali baada ya kuacha, ilhali katika waliokuwa wakipewa kidonge kisicho na dawa hawakufikia hata mmoja katika kila ishirini. Na kwa wale waliokuwa na dalili hizo kabla ya kuanza tiba, zaidi ya nusu ziliwarudia.

Yafaa ieleweke pia kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, yaani wengi walikuwa wamekwisha kuacha hedhi zamani. Kwa mwanamke wa chini ya miaka 60 ambaye hana kizuizi cha kiafya, mizani ya faida na hatari si ileile. Ilipita zaidi ya miaka ishirini kabla ya idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa kutangaza, Novemba 2025, kwamba onyo zito lililobandikwa juu ya dawa hizo litaanza kuondolewa. Wala nchi tajiri hazikusalimika na uhaba: mwaka 2022 Uingereza ilikosa baadhi ya dawa hizi, hata wauzaji wakaamriwa kutotoa zaidi ya akiba ya miezi mitatu kwa mteja mmoja.

Turudi Rusizi. Je, mama ambaye dawa imemkatikia afanye nini? Kwanza ajue kwamba kukatika huko, kwa mwanamke wa umri wake, si sumu. Wataalamu wa Uingereza wameona kwamba kupunguza dozi kidogo kidogo huweza kumwondolea mtu adha ya mwanzo, lakini baada ya muda hali ya aliyeacha ghafla na ya aliyeacha polepole haitofautiani. Kwa hiyo mwenye vidonge vichache vilivyobaki, na anayejua kwamba njia imefungwa, amwulize daktari mapema jinsi ya kuvigawa, badala ya kuvimaliza kwa mwendo wa kawaida.

Lakini yuko mama mwingine ambaye kwake neno hilo halitoshi, nasi tunaona ndiye anayesahauliwa zaidi. Huyu ni mwanamke wa miaka 38 au 41 ambaye upasuaji umemwondolea vifuko vyote viwili vya mayai. Kwake homoni si ya kutuliza joto peke yake. Inalinda mifupa na moyo hadi afikie umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Akikatiwa dawa asikae nyumbani akisubiri mpaka ufunguliwe. Aende Gihundwe au Mibilizi, hospitali zilizo ndani ya wilaya yake, akiwa na cheti cha upasuaji, na kama hakuna dawa aombe kuandikiwa rufaa.

Hatari kubwa, kwa maoni yetu, ni ile ya kuziba pengo kwa chochote kinachouzwa. Mwanamke ambaye bado ana kizazi hapaswi kumeza estrojeni peke yake bila homoni ya pili, kwa sababu ukuta wa kizazi hunenepa na baada ya muda huweza kugeuka saratani. Pakiti isiyo na maandishi, iliyopitishwa mfukoni, haimwambii ni ipi kati ya hizo. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo si badala: dozi yake ni nyingine, na kwa mwenye shinikizo la damu aliyepita miaka 50 vyaweza kugandisha damu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti asiguse homoni bila idhini ya daktari wake. Na mama yeyote anayetokwa damu baada ya mwaka mzima bila hedhi aende hospitali, hata kama ni tone.

Njia zisizo na homoni zipo. Baadhi ya dawa za kutibu huzuni, kwa dozi ndogo, hupunguza joto, na gabapentini vilevile. Zote huandikwa na daktari. Nguo nyepesi za kuvaliwa moja juu ya nyingine, maji baridi karibu na kitanda na kupunguza pombe huwasaidia wengi, ingawa si kwa kiasi cha dawa. Kwa ajili ya mifupa, ziwa Kivu limewapa watu wa Rusizi sambaza, samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na chokaa imo humo. Soya hutajwa sana. Faida yake ni ndogo, wala haimdhuru anayeila kama chakula.

Limebaki la wakuu wa afya. Wahudumu wa afya wa vijijini wa Rwanda wamesifiwa nchi nyingi, na kwa haki, kwa kazi yao juu ya malaria, watoto wachanga na wajawazito. Mwanamke akimaliza kuzaa, huduma hiyo nayo humwacha mlangoni. Kuwafundisha kuuliza maswali matatu tu, unalalaje, unatumia dawa gani, nani aliiandika, hakuhitaji jengo jipya. Kigali iko zaidi ya kilomita 200 kwa barabara inayokata msitu wa Nyungwe, na si kila mama ana nauli ya kumfuata bingwa huko. Kwa sasa, yule anayevuka daraja kwenda kutibiwa adai karatasi yenye jina halisi la dawa, kipimo chake na sababu ya kuandikiwa, aiweke pamoja na kadi yake ya mutuelle. Siku njia itakapofungwa tena, mganga wa Kamembe atakuwa na pa kuanzia.