Mkono unaofuma Kolwezi nao ulipwe

Kolwezi hupima karibu kila kitu kwa tani na kwa dola. Shaba ina bei yake, kobalti ina bei yake, na hata gunia la mchimbaji mdogo hupandishwa kwenye mizani na kupimwa ubora kabla fedha haijatoka mfukoni. Lakini mama akileta sweta ya mtoto mchanga aliyoifuma kwa mkono jioni nne au tano, swali la kwanza analoulizwa ni kwa nini bei yake haishuki ikafika ile ya mtumba. Hapo pana kasoro, na kasoro hiyo si ya mfumaji.

Kufuma kwa kroshe si jambo geni katika ukanda huu wa shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyojenga mji wa Kolwezi mwaka 1937, ilikuwa na vituo vya kijamii katika kambi za wafanyakazi. Huko wake za wachimbaji walifundishwa kupika, kushona na kufuma. Nia ya wakoloni haikuwa kumpa mwanamke kipato. Walitaka nyumba nadhifu na mfanyakazi asiyehama. Kazi ya mkono ilihesabiwa kuwa pambo la mke mwema, na mshahara ulibaki kuwa wa baba.

Fikra hiyo iliishi kuliko kampuni yenyewe. Gécamines ilirithi migodi, nyumba, shule na hospitali, na katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kisha sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, na mishahara ikawa ya kungojwa miezi kwa miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuacha kazi kwa hiari. Katika miaka hiyo familia nyingi zilikula kwa sababu mama alilima, aliuza mkaa au unga, alishona, alifuma. Pambo likawa chakula, ila jina halikubadilika. Mpaka leo watu husema mama fulani “anajishughulisha tu”.

Neno hilo “tu” ndilo linalogharimu. Anayetaka kuelewa na afanye hesabu ya mfano. Tuseme seti ya mtoto mchanga, yaani sweta, kofia na soksi, imekula uzi wa dola 5 na saa 20 za kazi. Ikiuzwa dola 10, mfumaji amebaki na dola 5, ambazo ni senti 25 kwa saa. Bado hajahesabu nauli, wala mafuta ya taa au chaji ya simu aliyomulikia umeme ulipokatika. Mteja akiomba apunguziwe dola 2, anaomba karibu nusu ya malipo ya kazi yote.

Na kazi yenyewe haina huruma. Kosa la kishimo kimoja katika mstari wa tatu huonekana katika mstari wa ishirini, na dawa yake ni moja: kufumua mpaka pale. Uzi ukiisha njiani, bunda jipya la rangi hiyo hiyo linaweza kutoka kiwandani likiwa limekolea zaidi kidogo, na mgongo wa sweta ukaonyesha mpaka kama wa ramani. Kolwezi nayo huongeza mtihani wake. Malori ya madini hupita na vumbi jekundu huingia hadi ndani ya sanduku, kwa hiyo anayefuma shali nyeupe ya bibi harusi hulazimika kuifunga kwa kitambaa kila anapoiweka chini.

Kuna adha nyingine isiyosemwa sana, nayo ni ya zawadi. Ndugu akijifungua, mfumaji ndiye anayetazamwa. Akileta kofia moja nzuri kwenye sherehe, kabla hajakaa shangazi mmoja ameshamwambia, “Mama, nifumie na mimi, si ni uzi tu?” Kukataa ni kuonekana mchoyo, na kukubali ni kutoa wiki nzima bure. Zawadi iliyodaiwa imekoma kuwa zawadi. Imekuwa kodi, na hutozwa wale wale wenye mikono mepesi na ulimi wa upole.

Mbona basi hawaachi? Kwa sababu kazi hii ina malipo ambayo mgodi hauyajui. Sindano ya kroshe, ile yenye kichwa kama ndoana, ni kifaa cha bei ndogo na hukaa mfukoni. Mama hufuma akiwa kwenye meza ya nyanya sokoni, akisubiri zamu hospitalini, au akimlinda mtoto anayelala. Akikosea, uzi haupotei, kwani Kiswahili chenyewe kimeweka kufuma na kufumua katika shina moja. Sweta iliyombana mtoto hufumuliwa ikawa kofia ya mdogo wake. Na usiku wa Juni na Julai, baridi ya uwanda huu wa juu inapouma, mtoto aliyevaa sufu iliyofumwa kwa kipimo cha mwili wake analala vizuri. Mama aliyeifuma anajua hivyo, na furaha hiyo hainunuliwi.

Jambo lingine ni kwamba mpaka leo viwanda havijaweza kufuma kroshe halisi kwa mashine. Kila kroshe ya kweli duniani, iwe kwenye duka la Paris au kwenye beseni la soko la Manika, imepita katika mkono wa mtu. Ireland ilijua thamani hiyo mapema. Njaa kubwa ilipoipiga nchi hiyo kuanzia mwaka 1845, masista na watu wengine waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi ya kroshe, wakawatafutia pia wanunuzi wenye uwezo nje ya vijiji vyao. Familia nyingi zilivuka njaa kwa uzi huo. Somo la Ireland ni kwamba ujuzi peke yake haushibishi. Ujuzi uliopata soko ndio ulioleta mkate.

Kolwezi inahitaji somo hilo, kwa sababu mji unaotegemea jiwe moja hautulii. Februari 2025 serikali ya Kinshasa iliposimamisha usafirishaji wa kobalti, watu wengi walikumbuka kwamba bei ya chakula chao huamuliwa mbali na Lualaba. Kroshe haitachukua nafasi ya kobalti, na anayesema hivyo anadanganya. Lakini nyumba yenye vyanzo viwili vya fedha hustahimili mtikisiko kuliko yenye kimoja.

Sheria ya madini ya mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Wanaokaa mezani kupanga fedha hizo wasiishie kwenye mafunzo na vyeti. Watenge sehemu ndogo kwa uzi unaonunuliwa kwa jumla na vikundi vya akina mama, kibanda kisafi cha kuuzia, na oda halisi: sweta za shule, blanketi za wodi za wazazi, zawadi za wageni wa kampuni.

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi naye ni maskini, na mama wa Kanina au Kasulo hana dola 20 za seti ya mtoto. Ni kweli. Kwa huyo ipo njia: alete uzi mwenyewe, alipe mkono kidogo kidogo hadi siku ya kujifungua. Mwenye mshahara wa kampuni na mwenye harusi ya magari kumi hawana udhuru huo.

Wafumaji nao wana wajibu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayefuma bila kuandika saa na mafundo ya uzi aliyotumia hawezi kuitetea bei yake, maana hata yeye haijui. Na anayetaka kutoa zawadi atoe kwa moyo, kwa aliyemchagua mwenyewe, siku aliyoichagua mwenyewe. Wengine wote ni wateja, na mteja huulizwa kwanza rangi, kipimo na malipo ya awali.