Bando Kubwa Haliharakishi Faili za Nyumbani

Imechapishwa hoja kwamba mkaazi wa Wote au Kitui mjini anayeona faili zikihama polepole kati ya kompyuta zake alipie intaneti yenye kasi zaidi. Ushauri huo unamfaa muuza bando, si mnunuzi.

Faili inayotoka kompyuta ya sebuleni kwenda ya chumbani haipiti Nairobi. Inapita kwenye ruta iliyo mle mle ndani. Hata waya wa mtoa huduma ukikatika barabarani, itafika.

Kebo ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Ina nyaya 8; kasi ya megabiti 100 hutumia 4 tu, ya megabiti 1,000 huzihitaji zote. Uzi mmoja ukilegea kwenye kichwa cha kebo, mara nyingi mashine hushuka hadi 100 kimyakimya. Hizo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde: video za harusi za gigabaiti 20 zitachukua karibu nusu saa. Kwenye 1,000 zingemalizika kwa dakika 3 hivi, diski ikimudu.

Na waifai? Kompyuta mbili zikiwa kwenye masafa yale yale, data husafiri hewani mara mbili, kwenda kwa ruta na kutoka. Kuta nene za matofali huzidisha dhiki.

Kabla ya kulipa shilingi yoyote, pima kwa programu ya bure ya iperf3, ambayo haigusi diski. Ikionyesha zaidi ya megabiti 900 na faili bado zinatambaa, kagua diski.