Safari ya Ukerewe isiwe ya kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nitoe maoni yangu juu ya utalii wa ndani. Wananchi wengi hudhani utalii ni wa wageni wapitao lango la Ndabaka kuingia Serengeti. Sivyo. Mimi na mke wangu tulitoka Musoma kwa gari, tukazuru kaburi la Mwalimu Nyerere Butiama, kisha tukashika njia ya Bunda hadi Kisorya. Hapo kivuko kilituvusha hadi Rugezi, tukakizunguka kisiwa cha Ukerewe, kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Viktoria. Ndiko kwao marehemu Aniceti Kitereza, mtunzi wa kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka.

Lakini safari hii hutegemea kivuko. Septemba 20, 2018, kivuko chenye jina la Mwalimu huyo huyo, MV Nyerere, kilipinduka kikikaribia kisiwa jirani cha Ukara. Kilitengenezwa kuchukua abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Hesabu hiyo yatosha kueleza chanzo.

Kwa hiyo nashauri abiria wahesabiwe kabla ya chombo kung'oa nanga, na kila mmoja aonyeshwe jaketi lake la kujiokolea. Nasi abiria tukubali kusubiri zamu ya pili. Mtalii aweza kuahirisha safari yake. Mkazi wa kisiwani anayempeleka mgonjwa Bunda hana njia isiyopita majini.

Mwananchi,
Musoma.